Malimao Yanayopotea Jikoni

Keko Machungwa,
Nyuma ya karakana za makochi,
Dar es Salaam.
Jumanne, 9 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Felicitas,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu Keko. Sisi ni wazima kiasi, ila goti langu la kushoto linaendelea na vituko vyake, na Benedikto wangu kikohozi cha vumbi la mbao hakijamwacha. Kitambaa cha puani hataki kuvaa, eti mafundi wenzake watamcheka. Sijui nyinyi huko Mbinga mnaendeleaje. Mgongo wa mama unasemaje? Shemeji Ansbert presha imeshuka, au bado anakula chumvi kwa kificho? Nijibu kwa kila mmoja. Usiniandikie "wote wazima" kama unavyosema kwenye simu, maana neno hilo siliamini tena, na mbele utaona kwa nini.

Kabla hujaendelea, tazama bahasha. Nimepiga sahihi yangu juu ya gundi, nusu kwenye kifuniko na nusu chini yake. Kama mistari haikutani, kuna mtu amefungua. Herieth anayekuletea ni binti yangu, nimemlea mwenyewe na simshuku kwa lolote, lakini nimemwagiza akukabidhi mkononi ukiwa peke yako, kisha anipigie aniambie ulikuwa umevaa nini ulipoipokea.

Utauliza kwa nini nisipige simu. Wewe simu unaiweka sauti ya nje huku unachambua maharage, na jirani wa tatu anajua habari zangu kabla hujakata. Hili si la jirani. Kaa chini usome taratibu, usiruke mistari kutafuta mwisho.

Nakuandikia kuhusu mdogo wetu Valerian. Mwezi wa saba uliniambia nimtoe nyumbani kwangu kabla hajaniibia hata mlango. Ukaniambia pia asithubutu kwenda Boko kwa mwanao Brightson, kwa sababu Brightson ana kazi yake nzuri na hahitaji mjomba teja wa kumharibia jina. Nilikuitikia yote mawili. Boko nilimkataza siku ileile, na nguo zake nilishaanza kuzifunga kwenye mfuko wa salfeti. Leo bado yuko kwangu, na ni haki yako kujua sababu.

Unakumbuka kwamba mimi ndiye niliyesimama naye kliniki. Kwenye kliniki yetu ya methadoni, ile dawa ya kuwatoa watu kwenye unga, mgonjwa hapokelewi peke yake, anakuja na ndugu wa kumsimamia, na ndugu huyo anaandikwa jina. Dawa yenyewe wanakunywa kila asubuhi, hata Krismasi. Wanapanga foleni kwenye kidirisha, nesi anamimina kwenye kikombe kidogo, mgonjwa anakunywa mbele yake, anashushia maji, halafu lazima aseme neno ili ionekane kwamba hakuficha kitu mdomoni. Valerian huwa anasema, "Nimemeza sista, ubarikiwe."

Mtindo huo niliupenda sana, nikauhamishia nyumbani. Kila akirudi kutoka kliniki anasimama mlangoni na kunisalia Baba Yetu mpaka mwisho, nami namtazama macho na kusikiliza kama ulimi ni mzito. Akikwama popote, nanusa shati. Mwaka mzima na miezi mitatu tumekwenda hivyo. Benedikto aliniambia nyumba imekuwa gereza. Nilimjibu kwamba gereza angalau linajua nani yuko ndani.

Sasa, mwanzoni mwa Juni malimao yalianza kupotea. Utasema, dada amezeeka, analilia limau. Lakini wewe hujakaa na mtu wa unga. Mimi nimekaa naye miaka sita, na najua wanaojidunga wanafanya nini na limau na kijiko. Nilikuwa nanunua malimao sita kwenye genge la jirani yangu Raudha, kufika jioni yamebaki mawili. Kisha kikapotea kijiko cha supu. Ikafuata chupa ya chai, halafu lile blanketi jekundu alilonipa mama, na mwisho pasi. Nikawa naandika kila kitu kwenye kalenda ya parokia, pembeni ya majina ya watakatifu, na tarehe yake.

Tena akaanza kuchelewa. Zamani alikuwa anarudi saa nne asubuhi, anaingia karakanani kumsaidia shemeji yake kupiga msasa. Sasa akawa anarudi saa tisa mchana, jasho linamtiririka. Nesi alishaniambia kwamba dawa yenyewe inatoa jasho. Sikumwamini, maana nesi analipwa kuitetea dawa yake. Nilimuuliza Valerian anakwenda wapi, akasema kuna mtu anamsaidia kazi. Kazi gani? Ndogondogo. Mtu gani? Mtu tu. Wewe ungeamini?

Niliuliza kliniki, wakaniambia anapima vizuri, mkojo wake ni safi. Nikasema moyoni, basi ameshajua njia ya kuudanganya hata mkojo.

Na kulikuwa na huyu Tunu. Ni afisa ustawi wa jamii, binti mdogo wa umri wa Herieth, anatembelea familia za wagonjwa. Nilimshuku tangu siku ya kwanza alipoingia na faili lake, akauliza tunalala vyumba vingapi na nani anapika. Niliona huyu amekuja ama kutuandikia ripoti, ama kumtafuta Valerian awe mume, na yote mawili sikuyataka. Mara ya tatu alipokuja, Valerian hakuwepo, nikajua atageuza. Hakugeuza. Aliketi kwenye kochi lisilo na kitambaa bado, akaniuliza, "Na wewe mama, unalalaga?"

Nilimwambia nalala kama watu wote. Akasema, "Macho yako hayasemi hivyo." Felicitas, tangu Valerian aingie kwenye unga, ni yeye wa kwanza kuniuliza mimi. Nilikasirika, nikampa chai ya moto sana ili aondoke haraka. Alipoondoka nililia jikoni, na bado sikumwamini.

Mwishoni mwa mwezi wa nane niliamua kumfuatilia Valerian mwenyewe. Angenitambua barabarani, hivyo nilimwendea Raudha kuazima baibui na nikabu. Raudha ni mtu wa utani, akanifunga huku anacheka. "Mama Herieth, upelelezi huu una posho au unajitolea?" Nikamwambia asinicheleweshe.

Basi dada yako, mwanachama wa WAWATA ya parokia, akasimama nje ya kliniki kwa nikabu, kwenye kivuli cha ukuta, joto limenibana hadi masikioni. Akapita bibi mmoja mwenye tasbihi, akanisalimia vizuri kabisa, "Asalaam aleikum, dada yangu." Nami bila kufikiri nikamjibu kwa sauti, "Milele, amina." Yule bibi alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda zake. Nilitamani ardhi inimeze.

Valerian alitoka, akavuka barabara, akapanda daladala ya Boko, nami nikapanda nyuma yake. Safari yenyewe sikusimulii, niseme tu kwamba kila kituo kilinipandisha hasira. Nilikuwa nimemkataza kwenda Boko kwa mdomo wangu mwenyewe. Njia nzima nilikuwa natunga maneno nitakayokuambia kwenye simu, jinsi alivyokwenda kumnyonya Brightson, na jinsi ulivyosema kweli kumhusu.

Alishuka, akaingia uchochoro wa nyumba za kupanga, nami nyuma yake hatua thelathini hivi. Mbele ya mlango wa bluu akasimama. Hakugeuka hata kichwa. Akasema, "Dada, vua hilo ninja, utazimia na joto. Umejulikana toka kliniki. Ingia ndani."

Niliingia. Chumba kilikuwa na godoro chini, na juu ya godoro kuna mtu amejikunja, amefunikwa blanketi jekundu la mama. Pembeni kulikuwa na chupa yangu ya chai, kijiko changu cha supu, na limau lililokatwa vipande kwenye kisosi. Yule mtu akajiinua kwa kiwiko, akasema, "Shikamoo mama mkubwa."

Alikuwa Brightson.

Mdogo wangu, pumzika hapa kidogo kama unahitaji. Mimi sikupumzika, na nakuungamia dhambi niliyoifanya: kabla sijaitikia shikamoo yake, nilimtazama mikono. Mtoto niliyembeba mgongoni wewe ukiwa na homa ya uzazi, ananiamkia, nami natafuta alama kwenye mishipa. Nikaziona. Ndipo nikasema marahaba.

Brightson anatumia unga, Felicitas. Huu ni mwaka wa tatu. Chuo aliacha kabla ya mwaka wa mwisho. Kazi haipo wala haijawahi kuwepo. Ile picha ya joho iliyoko sebuleni kwenu, ambayo shemeji huwaonyesha wageni kabla hata hawajaketi, joho ni la mpiga picha, analiazimisha kwa dakika kumi. Sijui njia laini ya kuandika hayo. Karatasi mbili nimeshazichana nikiitafuta.

Najua ulipofika hapa umesema nini. Umesema, ni Valerian aliyemfundisha. Nakujua, na sikulaumu, kwa sababu na mimi nilisema hivyohivyo, palepale, kwa sauti, wote wawili wananisikia. Nilimwita Valerian nyoka. Nilimwambia hakutosheka kujiua mwenyewe, ameingia kwenye tumbo la dada yake kutoa mtoto. Valerian alikuwa ameshika chupa, anamimina uji kwenye kifuniko.

Aliyejibu ni Brightson. "Mie nilianza mwaka ule mjomba yuko Kimbiji, mama mkubwa. Hesabu mwenyewe." Nikahesabu, na ni kweli. Mwaka ule Valerian alikuwa kwenye nyumba ya upataji nafuu kule Kimbiji, getini wanakagua, na mimi ndiye niliyekuwa nampelekea sabuni kila mwezi. Alipotoka aliingia kliniki, na mchana wote alikuwa chini ya macho yangu mpaka Juni hii. Wa kumfundisha Brightson alikuwa mwingine, tena mwanachuo mwenzake, mtoto wa watu wenye gari.

Mengine nimeyapata kidogokidogo, kwa kuwauliza kila mmoja peke yake na kulinganisha majibu. Mwezi wa tano Brightson alikwenda mwenyewe hadi kliniki, siku tatu mfululizo, akawa anakaa ng'ambo ya barabara akiangalia foleni bila kuthubutu kuvuka. Valerian akamwona. Mtoto alikimbia, mjomba akamkimbilia, wakaishia Boko. Brightson akamwapisha asiniambie mimi, na zaidi ya wote asikuambie wewe. Valerian akakubali kwa sharti moja, kwamba asibaki peke yake mchana. Kuna asubuhi Brightson alimwambia haoni sababu ya kuamka tena. Ndiyo maana mdogo wetu alikuwa anarudi saa tisa. Limau ni la kichefuchefu, analinusa na kulilamba, uji usirudi. Jasho ni la kutembea. Akikosa nauli ya kurudi anakuja kwa miguu hadi Mwenge.

Na bado hajaacha, usije ukadanganyika. Valerian alinieleza wazi kwamba Brightson anatumia kidogo ili asiugue, na kwamba arosto, yale mateso ya kuacha ghafla, ilimshinda mara tatu. Anangoja kupokelewa. Tunu anamjua tangu Julai, na alipokuja kwangu kuuliza vyumba alikuwa anatafuta kujua kama naweza kubeba mtu wa pili. Amesema pia mtoto aonwe na daktari wa akili, kwa ajili ya yale maneno ya kutokuamka. Neno hilo nalo lilinitisha. Nikamuuliza mara mbili kama maana yake ni kichaa. Akanijibu kwa upole kwamba hapana, ni mtu aliyechoka kwa ndani, na kwamba inatibika.

Nilimuuliza Valerian kwa nini hakuniambia. Ningemsaidia, tungegawana zamu. Akacheka kidogo, cheko lile la babu. "Dada, ningekwambia Brightson anatumia, ungesema nani kampa? Na Mama Brightson angesema nani kampa? Mkishamaliza kunifukuza, dogo angebaki na nani?"

Na ndivyo ambavyo ingekuwa. Miezi mitatu nilimwita mwizi mbele ya mume wangu na mafundi wa karakana nzima. Alikuwa anasimama mlangoni kwangu kila siku ananisalia Baba Yetu kama mtoto wa komunyo, ametoka kumlisha mwanao uji kwa kijiko. Neno moja tu lingemsafisha, na hakulisema. Nimeona aibu, Felicitas. Nimeiona mpaka kwenye vidole, nashona vitambaa vya makochi vinapinda.

Usidhani nimegeuka malaika. Pasi haikuwa Boko. Nimemuuliza, akasema haijui. Benedikto anasema aliiazimisha kwa fundi mmoja aliyehamia Mbagala, lakini Benedikto ni mtu wa kuwafunika watu. Pasi nimeiacha kwenye kalenda. Na Brightson mwenyewe simwamini hata kidogo. Juzi alinilalia begani akasema ananipenda, nami nikapeleka mkono kwenye mfuko wa gauni kuangalia kama simu ipo. Ilikuwepo. Ndivyo nilivyo sasa, sijui kama nitapona.

Basi sikia ninachotaka kwako. Kliniki watampokea Brightson Jumatatu tarehe 22 mwezi huu. Anahitaji ndugu wa kusimama naye. Mimi tayari nimeandikwa kwa Valerian, na Tunu kanishauri nisichukue wa pili, maana anasema nitaanguka mimi kabla yao. Valerian hawezi, naye ni mgonjwa. Brightson anasema anatosha peke yake, tena anasema akijua umeambiwa ataondoka Boko tusimwone. Hapo ndipo tulipokwama. Valerian aliapa kunyamaza, na kiapo chake anakitunza hadi leo, hajui kwamba naandika. Mimi hakuna aliyeniapisha. Labda waliona hakuna haja, wanajua mtu hamwambii siri mwanamke anayenusa mashati.

Nimepima pande zote mbili. Nikinyamaza, tarehe 22 itapita bila mtu wa kusimama naye, na zile asubuhi zake zinanitisha. Nikisema, anaweza kukimbia. Nimechagua kusema, kwa sababu akikimbia huku anajua mama yake yuko mjini anamtafuta, hatakimbia mbali. Kama nimekosea, lawama ni yangu, usimpe Valerian.

Njoo. Panda basi la Alhamisi tarehe 18. Shemeji Ansbert mweleze wewe kwa namna yako, hilo ni la ndoa yenu, ila kama atakuja kwa fimbo na mahubiri abaki Mbinga mpaka nimwite. Usimpigie Brightson kabla, utakosea neno moja na itakuwa basi. Ukimwona usimuulize kwa nini. Mimi nimeuliza kwa nini miaka sita na sijawahi kupata jibu la maana.

Nisalimie mama, mwambie goti langu linaukumbuka mgongo wake, na haya mengine asiyasikie kwa sasa. Msalimie shemeji, na yule mama wa jumuiya yenu anayejifanya paroko mdogo na kupangia watu namna ya kuishi, huyo msalimie kwa mbali. Benedikto anakusalimu. Raudha naye, ambaye hamjaonana lakini anakujua kwa simulizi zangu zote. Mungu akufunike njiani, akushike moyo usipasuke kabla hujafika, akupe na usingizi, maana najua leo hutalala.

Ukishuka stendi ya Mbezi, atakayekupokea ni Valerian; nitamwambia ukishapanda basi. Amekonda, amevaa shati la bluu nililomshonea. Atanyosha mkono kuchukua mkoba wako. Najua utaubana, na mimi ningeubana. Mpe aubebe, Felicitas. Utembee mbele yake, usigeuke kuutazama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote, hata zile ninazokushuku,

Margareta